Kurudisha mafaili ya File History baada ya kupiga Windows upya

Swali
Wakuu, kompyuta imepigwa Windows 11 upya. Bakapu ya File History (ile ya Windows yenyewe) ipo kwenye diski ya nje, folda ya FileHistory, ila kila faili lina mkia: "bajeti (2024_03_11 07_42_15 UTC).xlsx". Mengine yamejirudia mara 5 au 6. Yanarudije na majina yake ya kawaida?

Jibu la 1
Usikopi kwanza. Huo mkia ni muda toleo lilipohifadhiwa. Yaliyojirudia ni matoleo ya faili moja. Ingia Control Panel, File History (usihangaike na Settings, haipo huko), chagua diski yako, weka tiki penye "I want to use a previous backup", kisha chagua kompyuta ya zamani. Baada ya hapo fungua "Restore personal files".

Kitufe cha kijani cha kurudisha usikibonyeze hivi hivi. Bofya kulia juu yake, chagua "Restore to", peleka kwenye folda tupu. Ukirudisha mahali pa awali utaulizwa kama ubadilishe yenye majina yanayofanana, na kidole kikiteleza tu, faili jipya limekwenda.

Jibu la 2
Orodha ya kompyuta ikija tupu, angalia kama folda ya Configuration bado ipo. Katalogi (orodha ya yaliyohifadhiwa) iko humo, na watu huifuta wakidhani ni takataka. Kama haipo, kopi folda ya Data kwa mkono kwa robocopy, amri ya kukopi ya Windows (E ni diski ya nje, D ni unakopeleka, "njia" ibadilishe na folda zako):

robocopy "E:\njia\Data\C\Users" "D:\Rudisha" /E /R:1 /W:1

Usiache /R na /W. Bila hizo, faili moja bovu linajaribiwa mara 1,000,000, kila mara kwa kusubiri sekunde 30. Mikia ing'oe baadaye kwenye nakala, kamwe si kwenye diski yenyewe. Mwaka umetangulia, kwa hiyo ukipanga kwa jina, toleo jipya linakaa mwisho.

Muulizaji
Katalogi haipo kweli. Robocopy nayo inaandika "Access is denied".

Jibu la 2
Ruhusa bado ni za akaunti ya zamani. Hata jina likiwa lilelile, Windows mpya inakuona mtu mwingine. Fungua Terminal kama admin, ongeza /B (hali ya bakapu) kwenye amri ileile. Itasoma bila kugusa ruhusa za diski, na nakala zitafuata ruhusa za folda ya D.

Jibu la 3
Na msitumie File Explorer kwa kazi hii. Mkia huongeza herufi 26, njia ndefu (folda zote pamoja na jina la faili) zinavuka kikomo cha herufi 260 na kukwama. Robocopy inazipitisha.