Naombeni ushauri: tiketi za bagi zijisasishe zenyewe kutoka kwenye komiti za Git

kodi_usiku: Wakuu habari zenu. Tuko sita kwenye timu, kodi iko kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) na bagi, yaani kasoro, tunazifuatilia kwa Redmine, kila bagi na tiketi yake. Shida ni kwamba mtu anarekebisha bagi anapusha (anatuma kodi kwenye seva) halafu anasahau kubadilisha hali ya tiketi, mwisho wa wiki nakaa nalinganisha logi na tiketi moja moja, hii imeisha, ile bado. Juzi nikaweka neno fixes kwenye ujumbe wa komiti (badiliko la kodi lililohifadhiwa kwenye Git) liwe linafunga tiketi. Nikaandika "fixes #214 fomu inakubali tarehe tupu", nikapusha, tiketi ikabaki vilevile "Mpya". Nimengoja weee. Kesho yake asubuhi ikajifunga, na kodi ilikuwa bado kwenye tawi langu (nakala yangu ya kazi pembeni) haijaingia main, tawi kuu! Dada anayetupimia akakuta bagi iko palepale, akadhani namdanganya. Iliniuma sana. Niandike skripti yangu mwenyewe au?

mzee_wa_seva: Mkuu usiandike kwanza. Hayo ni mambo mawili. Redmine haipati taarifa kwamba umepusha, kwa kawaida inasoma komiti mpya pale mtu anapofungua ukurasa wa ripozitori (ghala la kodi), bila shaka asubuhi kuna mtu aliufungua. Weka skripti ya post-receive (inajiendesha yenyewe seva ikishapokea kodi) kwenye seva ya Git, iite /sys/fetch_changesets, anwani ya Redmine ya kuiambia isome komiti mpya, ikiwa na ufunguo wa API (kama nywila ya programu). Ila kumbuka Redmine inasoma nakala ya Git iliyoko kwenye mashine yake, kwa hiyo kama Git iko seva nyingine vuta nakala kwanza ndio uite.

La pili, Redmine inasoma matawi yote, haibagui. GitHub ndio inangoja komiti ifike tawi kuu kabla ya kufunga. Kwenye tawi lako andika refs #214, hiyo inaunganisha tu bila kugusa hali. Fixes iache kwa ujumbe wa kuunganisha na main.

mpimaji: Naongea kama mtu wa upande wa huyo dada. Tafadhali fixes isifunge kabisa, iipeleke tiketi kwenye "Inasubiri kupimwa", kufunga tuachieni sisi. Halafu angalieni rebase (kuzipanga upya komiti za tawi juu ya msingi mpya). Niliwahi kurudisha tiketi, mwenzetu akafanya rebase tu hajagusa kitu, komiti ikapata hashi (kitambulisho) mpya, ule ujumbe wa zamani ukasomwa upya na tiketi ikarudi kwangu kama imetatuliwa. Nikapima mara mbili kitu kilekile.

kodi_usiku: Asanteni sana wakuu, nimeshabadilisha hiyo ya hali na dada nimemuomba radhi. Je wanaosahau namba ya tiketi kabisa? Nimeweka commit-msg (skripti inayokagua ujumbe wa komiti) kwangu inakataa ujumbe usio na namba, lakini kwa wenzangu haifanyi kazi.

mzee_wa_seva: Folda ya .git/hooks, zinakokaa skripti hizo, haiendi na clone (nakala ya ripo anayochukua mtu) mkuu. Weka skripti ndani ya ripo, kila mtu aelekeze mpangilio wa Git wa core.hooksPath huko. Atakayekwepa atakamatwa na pre-receive (skripti inayokagua kabla seva haijapokea) kwenye seva, ila ziruhusu komiti za merge (za kuunganisha matawi) zipite, la sivyo watakulilia siku ya kwanza.