Wajukuu wa Bibi Mwanahamisi

Shangazi Hidaya: Asalaam aleikum wanangu. Kicheni pati ya Nasra imeisha salama tunamshukuru Mungu na wote mliochanga Mungu awarudishie, ila nasema na wala sifichi kuna mtu kafika kakaa kwenye kiti tangu saa tisa mpaka maturubai yanafunguliwa, hata sahani moja hajaosha, wenzake wanakuna nazi yeye kajitanda mtandio kama yuko Lushoto mwezi wa saba. Sitaji jina

Dulla: shangazi ushataja 😂😂

Mama Nasra: Dulla nyamaza, hayakuhusu

Mjomba Kombo: WAALEIKUM SALAAM. MAMBO YA KUSEMANA TUSIYALETE KWENYE GRUPU.

Rehema: Shikamoo shangazi. Ni mimi wala usihangaike kuficha. Naomba niandike mara moja msome wote maana nimechoka kujieleza kwa mmoja mmoja. Mnajua tangu mwaka jana naumwa umwa, leo malaria kesho taifodi keshokutwa yuutiai, nimemeza antibayotiki mpaka tumbo likakataa na uchovu uko palepale. Nywele zinabaki kwenye kitana, asubuhi uso umevimba, choo shida, siku zangu zikija haziishi, mwili unaongezeka na chakula chenyewe sili, Dar joto lote hili mimi nalala na blanketi mume wangu anataka feni tunagombana usiku kucha. Mwisho nikakutana na daktari mmoja binti mdogo tu, akanishika shingo akaniambia meza mate, akaandika kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoisukuma tezi ya shingo. Ya kawaida inaishia kwenye 4 hivi, yangu ilikuja 38. Wakapima na antibodi za anti-TPO, hizo ni kinga za mwili zinazoilenga tezi, nazo ziko juu. Ni ugonjwa wa tezi ya shingo unaitwa Hashimoto, kinga ya mwili wangu mwenyewe inaishambulia tezi mpaka haitoi homoni ya kutosha. Nazi ningekuna shangazi, mkono ndio haukuwa na nguvu.

Dulla: hashimoto si kama duka la spea ilala

Zuhura: We Dulla. Ni jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliuandika mwaka 1912, wagonjwa wake wanne na wote wanawake. Mpaka leo wanawake ndio wengi kuliko wanaume. Pole Rehema mdogo wangu, mbona hukuniambia na mimi niko hospitali kila siku

Rehema: Da Zuhura nilikuwa sina hata nguvu ya kushika simu wallahi

Mama Rehema: Mimi nilijua akanikataza nisiseme. Nimesoma maneno yako Hidaya nikaweka simu chini.

Shangazi Hidaya: Sasa mimi ningejuaje, mtu mzima ananiambia amechoka tu, si wote tumechoka

Zuhura: Shangazi huo uchovu sio huu wetu. Niko zamu naandika harakaharaka. Homoni ya tezi ndiyo inayopanga kasi ya mwili, mapigo ya moyo, joto, utumbo, ngozi, mpaka akili na kumbukumbu. Ikipungua vyote vinapooza. TSH inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kazi yake kuisukuma tezi ya shingo ifanye kazi, tezi ikizidi kugoma kile kitezi kinazidi kusukuma, ndio maana namba inapanda juu wakati homoni yenyewe iko chini. Ya 38 hiyo, mtu kufika tu Mbagala kutoka Tegeta kwenye shughuli ni kazi kubwa

Mjomba Kombo: POLE SANA MAMA. DAWA YAKE IPO. NIMETUMIWA HII, SOMENI.

Mjomba Kombo: *Ujumbe umesambazwa mara nyingi* 🌿 MWANI HALISI KUTOKA ZANZIBAR 🌿 Unatibu TEZI, PRESHA, SUKARI, NGUVU ZA KIUME na MVUTO. Kijiko kimoja asubuhi kimoja jioni. Tezi husababishwa na UPUNGUFU WA MADINI JOTO. Tunatuma mikoani.

Dulla: na mvuto 😭

Rehema: Mjomba asante najua ni mapenzi. Ila hii ni ya ngapi sasa, jirani kaniletea mlonge, shemeji kaniletea asali yenye vitu sivijui, fundi cherehani wangu naye ana unga wake

Zuhura: Mjomba naomba huo usimpe. Mwani wa kwenye saladi kule Zanzibar, mtu akila siku moja si neno, ila unga wa kila siku hapana. Mwani una madini joto mengi na mtu wa Hashimoto akizidishiwa madini joto tezi yake inaweza kuharibika zaidi. Rovu za zamani kule milimani, ule uvimbe mkubwa wa shingo, ndizo zilikuwa za upungufu wa madini joto, ndio maana serikali ikahimiza chumvi itiwe. Rehema anakula chumvi kama sisi wote, shida yake ni kinga. Shingo ileile, ugonjwa mwingine

Mjomba Kombo: MIMI SIKUJUA KAMA KUNA ZA AINA MBILI. NIMESHALIPIA KOPO TATU.

Mama Nasra: Kula mwenyewe si umeambiwa una mvuto

Mama Nasra: Na kabichi je? Niliambiwa mwenye tezi asiguse kabichi wala mihogo

Zuhura: Vikiivishwa na ukila kawaida havina tatizo. Asishinde anakula kabichi mbichi tu

Rehema: Alhamdulillah maana mihogo ya nazi siwezi kuacha

Mama Mdogo Asha: Pole mwanangu. Samahani naomba kuuliza, ndio maana mpaka leo mtoto?

Mama Rehema: Asha!

Dulla: 👀

Mama Rehema: Hayo si ya kuuliza mbele ya watoto. Umri wote huo

Rehema: Acha mama nijibu, maana wakishindwa kuuliza hapa wanaulizana pembeni na mimi nasikia. Ndiyo mama mdogo, homoni ikiwa chini mimba inaweza isishike na ikishika inaweza kutoka, nyie mnajua yaliyonipata. Daktari amesema dawa ikikaa sawa hakuna kinachozuia. Ila nikiona tu siku zimepita nipime haraka niende, maana mjamzito dozi inapandishwa mapema, mtoto wa mwanzomwanzo anategemea homoni ya mama. Sasa nimesema. Sitaki tena mtu aniangalie tumbo kwenye shughuli halafu aseme hongera, ni mwili tu umeongezeka

Mama Mdogo Asha: Nisamehe mwanangu. Inshallah

Shangazi Hidaya: Na lile jambo la kisomo nilisema mimi. Nilidhani jini mahaba maana mtu analala analala hata mume hamtaki

Rehema: Shangazi kisomo nilienda nikasomewa vizuri na dua naitaka mpaka leo, ila TSH ilibaki vilevile 😅

Salma Maskati: Asalaam aleikum familia nimechelewa kufungua simu nilikuwa kazini. Rehema habibti nimelia. Na mimi nina tezi, sikuwaambia. Yangu ni kinyume, inaitwa Graves, kinga inaichochea tezi inatoa homoni nyingi kupita kiasi. Mnakumbuka picha za Idi ile niliyokonda mkaandika nimependeza nimekuwa modo, moyo ulikuwa unakimbia nimekaa tu, mikono inatetemeka hata sindano siwezi kutunga uzi, jasho, silali, na hasira mpaka bosi wangu akaniogopa. Macho nayo yakatoka kidogo. Nilipewa kabimazoli, dawa ya kuipunguza kasi tezi, na nikaambiwa nikipata homa na koo kuuma nisikae nyumbani, niache dawa siku hiyohiyo nikapime damu, maana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Sasa nafuu kubwa. Watu wawili nyumba moja, mmoja ya polepole mmoja ya mbio, hizi zinatembea kwenye ukoo jamani

Dulla: da salma kumbe ile picha

Salma Maskati: Ile ile

Rehema: Salma nilidhani niko peke yangu kwenye huu ukoo

Salma Maskati: Nipigie usiku wowote mpenzi hata kama huna la kusema. Huku nina wenzangu wawili kazini mmoja Mhindi mmoja wa Suri hapahapa Omani, tunakumbushana vipimo, tunacheka, siku nyingine tunalalamika tu. Inasaidia kuliko unavyodhani. Na majibu yako yote weka kwenye faili moja na tarehe, na dawa ukizoea ya kampuni moja usibadilishe bila kumwambia daktari

Mjomba Kombo: DOZI INAISHA LINI?

Rehema: Haiishi mjomba. Sio mseto siku tatu umemaliza. Ni kidonge cha levothairoksini kila siku, naambiwa huenda ni maisha. Wananiongezea kidogokidogo, na kila wakibadilisha dozi nasubiri wiki 6 mpaka 8 ndio napima tena kwa sababu inakaa mwilini taratibu. Kidonge chenyewe sio ghali, ghali ni vipimo. Na kina masharti, nimeze na maji matupu tumboni hakuna kitu, nikae nusu saa au saa nzima ndio nile. Sasa mama mkwe wangu saa kumi na mbili chai ya maziwa iko mezani na maandazi, nisipokunywa nina kiburi

Mama Rehema: Nitaongea na mama mkwe wako mimi, tunaelewana

Rehema: Mama taratibu lakini

Zuhura: Na hizo za damu alizokupa daktari, za madini ya chuma, ziachane na kidonge masaa manne. Kalisiamu pia. Na wote mnaonunua vidonge vya nywele na kucha vile vya bayotini, vinavuruga majibu ya tezi kwenye baadhi ya mashine, acha angalau siku mbili kabla ya kupima na umwambie wa maabara

Mama Nasra: Mungu wangu mimi navinywa

Shangazi Hidaya: Ramadhani itakuwaje

Zuhura: Shangazi swali zuri. Wengine wanameza wakiamka daku halafu wanasubiri nusu saa ndio wanakula, wengine wanameza usiku wakienda kulala, masaa matatu hivi baada ya chakula cha mwisho. Mipango hiyo afanye na daktari wake kabla ya mwezi kuandama sio siku ya kwanza ya mfungo. Na kidonge kisikae juu ya friji wala kwenye gari, joto linakiharibu

Rehema: Basi mimi ninachoomba kwenu ni kidogo. Arusi ya Nasra nitakuja, mnipe kazi ya kukaa, kufunga zawadi, kuandika michango, kushika daftari. Nikisema naenda kulala msinifuate chumbani kuniuliza nimekasirika nini. Na dawa za kutumiwa simu basi, hata kama ina mvuto

Mama Nasra: Daftari ni lako. Na Dulla anadaiwa mpaka leo uanze naye

Dulla: mtandao unasumbua

Mjomba Kombo: NIMEELEWA. KOPO NATAFUTA WA KUMUUZIA.

Zuhura: Mjomba usimuuzie mtu mwenye tezi

Shangazi Hidaya: 🎤 *Sauti 0:52*

Dulla: niko kwenye daladala siwezi sikiliza, nani aandike

Mama Nasra: Anasema Rehema mwanangu radhi, anakuletea mkate wa kumimina kesho. Halafu anasema yeye naye sauti imekuwa nzito kama ya babu, nyusi za pembeni zimekwisha, na asubuhi anavaa soksi, Tanga hii. Anauliza au na yeye

Zuhura: Shangazi marehemu bibi upande wa mama yako si alikuwa na rovu?

Shangazi Hidaya: Alikuwa nalo kubwa tu lakini yeye alizaliwa huko milimani

Zuhura: Ya bibi inaweza kuwa ya madini joto, yako hatujui mpaka damu itoke. Jumatatu njoo kliniki nakuandikia TSH, sindano moja tu. Huhitaji kufunga kula ila njoo mapema foleni ndefu

Shangazi Hidaya: Sindano mimi naogopa Zuhura unajua

Rehema: Shangazi nitakuwa nakupigia simu ukiwa kwenye foleni, tutaongea mpaka wakuite

Dulla: mi nampeleka na bajaji

Dulla: mafuta nani anaweka

Mama Rehema: Toa kwenye mchango unaodaiwa