Tikiti ya mama imeandikwa High Wycombe, na anangojwa Euston. Atafika?

KondeleJuu
Wadau, nisaidieni kabla familia haijavunjikia WhatsApp. Mama alienda Birmingham kwa mahafali ya dada. Wiki ijayo anarudi Kisumu na Kenya Airways, ndege ya jioni kutoka Heathrow. Dada atakuwa kazini, kwa hivyo mama atapanda treni peke yake hadi London, na mama mdogo atampokea stesheni ya Euston. Tikiti tayari imenunuliwa: "Birmingham Stns" hadi "London Terminals", Off-Peak (ya saa zisizo na msongamano), na kwenye njia pameandikwa "High Wycombe". Mjomba anasema London Terminals ni stesheni yoyote ya London. Dada naye anasema mama apande treni yoyote ya London itakayotangulia. Nani mkweli?

MzeeWaMilimani
Wote wawili wamekisia. London haina stesheni kuu moja. Kuna Euston, King's Cross, Paddington, Marylebone, Waterloo na nyinginezo, na "London Terminals" ni jina la kundi zima. Lakini tikiti haikufungulii kundi lote, inakufikisha pale njia iliyoandikwa inapoishia. High Wycombe ni mji ulio kwenye reli ya Chiltern, na treni za Birmingham zinazopita huko huishia Marylebone. Za Euston hupitia Coventry. Ingekuwa imeandikwa "Any Permitted", yaani njia yoyote inayoruhusiwa, angechagua.

BintiMbale
Ni sawa na kulipia shuttle ya kupitia Narok kisha udandie ya kupitia Nakuru eti zote zinaenda Nairobi. Na huko aanzie pazuri pia. "Birmingham Stns" ni New Street, Moor Street na Snow Hill kwa pamoja. Za Euston hutoka New Street. Yake aitafute Moor Street, ni mwendo mfupi kwa miguu.

Jakadala
Akipatikana ndani ya treni ya Euston ni faini ya pauni 100 juu ya nauli. Wazungu hawana mchezo.

MzeeWaMilimani
Usimtishe mama wa watu. Hiyo ya 100, iliyoanza Januari 2023 na hushuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21, kimsingi inawalenga wanaosafiri bila tikiti. Mwenye Off-Peak aliyepotea njia kwa kawaida hudaiwa tofauti ya nauli. Kama ni lazima Euston, dada aende dirisha la tikiti mapema aongeze hiyo tofauti. Ingekuwa tikiti ya Advance ningeongea lugha nyingine, maana ile imefungwa kwa treni moja na saa moja.

Ila mbona mwongeze pesa? Marylebone inamfaa zaidi. Kutoka hapo ni vituo viwili tu kwa treni ya chini ya ardhi, laini ya Bakerloo, hadi Paddington. Paddington anachukua treni ya Elizabeth line inayoandikwa Terminal 4 ya Heathrow, na Kenya Airways iko hapo hapo. Anayehama ni mama mdogo, si mama na masanduku yake.

KondeleJuu
Hiyo ya chini ya ardhi iko ndani ya tikiti?

BintiMbale
Haimo. Tikiti zinazovusha mtu London huwa na alama ya msalaba karibu na njia, na hiyo yake inaishia London. Agonge kadi ya benki pale getini, akiingia na akitoka. Kila mtu na kadi yake, mama mdogo asijaribu kugonga moja kwa watu wawili.

Na mwangalie saa. Off-Peak haikubaliki treni za asubuhi mapema siku za kazi. Masaa yenyewe dada atayaona kwenye masharti ya tikiti.

KondeleJuu
Asanteni sana. Mama mdogo amekubali Marylebone, ingawa amenuna. Sasa mama mwenyewe ameingia kwa group anauliza kama anaweza kushuka Banbury kidogo amsalimie rafiki wa kanisa.

Jakadala
Na ndege je? 😂

MzeeWaMilimani
Off-Peak kwa kawaida inaruhusu kushuka njiani na kuendelea na treni ya baadaye, mradi masharti yake hayakatazi. Lakini kwa salamu za akina mama wetu ninavyozijua, huyo rafiki ndiye aje Moor Street.