Fundi kanifungia pampu ya dizeli ya volti 12 kwenye Canter ya volti 24: betri mbili zimekufa na gari nusura liungue

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine habari za usiku.

Nimejizuia siku tatu nisiandike, nilitaka kwanza nipate uhakika. Sasa ninao, na hasira haijapungua hata kidogo.

Mimi ni mama wa vitunguu hapa Arusha. Nina Canter moja, Mitsubishi yenye injini ya 4D33. Hiyo ndiyo inanisomeshea watoto na inamlipa mtoto wa kaka yangu anayeiendesha. Tunapakia Mang'ola, tunapanda Karatu, tunateremka Mto wa Mbu, Makuyuni, mpaka soko la Kilombero hapa Arusha. Leo ni siku ya kumi na moja gari limekaa uani, na msimu wenyewe ndio huu.

Ilivyoanza ni hivi. Kile kipande cha kupanda kutoka Mang'ola kuja Karatu, gari likiwa na mzigo, likawa linakosa nguvu. Tambarare linakwenda vizuri, likishika mlima linamisi, linataka kuzima. Kijana anashuka, anapampu kwa mkono ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli iliyoko ubavuni mwa pampu kubwa, wanakwenda kilomita mbili tatu, anashuka tena. Nikalipeleka kwa fundi umeme wa magari hapa mjini. Jina lake silitaji, wala la gereji.

Hakufungua kitu. Alisikiliza injini dakika tano akasema, "Mama, pampu ndogo imechoka. Tunafunga ya umeme pale karibu na tenki, mlima utausahau." Pampu laki moja na themanini, ufundi elfu sitini. Nikatoa.

Alipoleta boksi nililishika mwenyewe nikasoma. Limeandikwa 12V. Nikamuuliza, mbona gari langu lina betri mbili, ni la volti 24? Majibu yake nayakumbuka neno kwa neno: "Mama, wewe hesabu magunia, umeme niachie mimi."

Nikamwachia. Alichofanya nimekuja kukielewa baadaye, na naomba mnisikilize hapa vizuri, maana najua wenye Canter na Fuso wengi humu wamefungiwa hivi hivi na hawajui.

Betri mbili za gari langu zimeunganishwa kwa mfuatano. Hasi ya betri ya kwanza iko kwenye chasi, chanya yake imeunganishwa na hasi ya betri ya pili, na chanya ya betri ya pili ndiyo inakwenda kwenye gari zima. Hapo unapata 24. Fundi wangu alichukua waya pale katikati, kwenye kiungo cha betri mbili, akaupeleka kwenye pampu. Pampu ikapata 12 zake, ikalia, gari likawaka, akashusha kebini. Maana yake pampu ikawa inakula betri moja tu, ile ya kwanza, kutwa nzima.

Sasa oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haijui kama kuna betri mbili. Inaona jumla tu. Inasukuma hadi volti 28 hivi na umeme unapita betri zote mbili kwa pamoja. Betri ya kwanza inanyonywa na pampu, ampea nne kila wakati gari likiwa limewashwa, kwa hiyo ina njaa siku zote. Na ili umeme uifikie lazima upitie kwanza kwenye betri ya pili, ambayo imeshashiba. Ile iliyoshiba inazidi kushindiliwa mpaka inachemka.

Wiki mbili za mwanzo gari lilikuwa zuri, mlima lilipanda. Wiki ya tatu kijana akanipigia simu akiwa Mto wa Mbu: "Shangazi, kuna harufu ya mayai viza huku kwenye betri." Nikamwambia aangalie maji. Betri moja ilikuwa kavu kabisa, sahani zimeonekana, na ubavu umevimba. Nyingine maji yamejaa, lakini asubuhi haina nguvu ya kuzungusha stata. Tukanunua betri moja mpya, aina ya N70, badala ya ile iliyovimba. Muuza betri naye alituambia moja inatosha! Betri mpya ikakaa siku kumi na nane ikaanza kunuka vile vile.

Nikarudi kwa fundi. Akasema oltaneta inazidisha chaji, nitoe elfu themanini abadilishe regyuleta, kile kinachodhibiti chaji. Nashukuru Mungu siku hiyo sikuwa na hela.

Safari iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Gari limetoka Mang'ola na gunia 35, limevuka Makuyuni likielekea huku, saa mbili usiku. Utingo akaona moshi unatoka chini ya kebini. Kijana akasimamisha, akachukua spana, akachomoa kichwa cha betri. Ana miaka ishirini na tatu. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa, na nikifikiria hivyo mikono inanitetemeka mpaka sasa.

Kilichoungua ni ule waya. Waya mwembamba, wa kufungia spika za redio, umepitishwa juu ya bomba la ekzosi bila hata mfuniko, umeshikizwa kwa kamba za plastiki. Plastiki ya waya ikayeyuka, shaba ikagusa chasi, betri ikamwaga umeme wake wote pale. Na hakukuwa na fyuzi. Hata moja. Fyuzi ya ampea kumi ni kitu cha mia tano, elfu moja. Ingekatika yenyewe, pampu ingezima, basi, gari lisingetoa moshi.

Vitunguu vililala barabarani usiku mbili. Nikakodi gari lingine laki tatu kuja kuvichukua, na sehemu ya mzigo ilishalowa na umande. Wateja wangu wa Kilombero walishanunua kwa mtu mwingine.

Gari likavutwa mpaka kwa fundi mwingine, mzee wa makamo, huyu ni wa dizeli hasa. Kwanza aliwasha mita kabla ya kugusa chochote. Alifunga betri za kuazima, akaunganisha tena pampu kama ilivyokuwa ili nione kwa macho yangu, akawasha injini. Betri ya kwanza: 12.6. Betri ya pili: 15.3. Jumla 27.9. "Unaona, mama? Oltaneta yako ni nzima. Anayeua betri ni huyu hapa," akagusa ule waya wa katikati. Betri ya volti 12 ikichajiwa na gari inatakiwa icheze kwenye 14 hivi. 15.3 ni kuipika.

Halafu akafungua boliti inayoingizia dizeli kwenye ile pampu ndogo ya mwanzo, ambayo fundi wa kwanza alisema imechoka. Ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya, ukubwa wa ncha ya kidole. Kilikuwa kimeziba kwa ute mweusi na kutu ya tenki. Akakiosha kwa dizeli, akapuliza, akarudisha, akatoa hewa, akawasha. Dakika ishirini. Kesho yake tulipakia mchanga tukalipandisha mlima, halikumisi. Pampu ya umeme tumeing'oa, iko kwenye mfuko.

Yaani sikuhitaji pampu kabisa.

Nikampigia simu yule wa kwanza. Hakukana kuchukua umeme katikati. Alichosema ni kwamba "mbona redio zote za Fuso tunafunga hivyo, na hakuna aliyelalamika?" Nimeuliza, na kweli wengi wanafunga redio hivyo. Lakini redio ndogo ikiwashwa saa mbili inakula kidogo, betri inavumilia miezi, na ikifa mtu anasema betri ilikuwa mbovu. Pampu haizimwi. Safari ya saa nane kwa ampea nne ni ampea-saa 32 zinatoka kwenye betri moja ya ampea-saa 70. Hiyo si hesabu ya chuo kikuu, mimi mwuza vitunguu naiweza. Na hata hiyo redio njia yake ni kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili. Madukani vipo.

Kwa ambaye anahitaji kweli pampu ya umeme, yule mzee alinichorea inavyotakiwa, nami naiweka hapa ili asidanganywe mwingine. Pampu iwe ya volti 24, na iwe ya kusukuma dizeli kwa presha ndogo, si ile ya kwenye tenki la gari dogo la petroli. Ikae karibu na tenki, chini ya usawa wa dizeli, maana inasukuma vizuri kuliko inavyovuta, na kabla yake kuwe na filta. Waya uwe wa milimita za mraba mbili na nusu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, siyo kule kwenye pampu, kwa sababu inalinda waya wote. Rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, iwe ya volti 24: mguu wa 30 upokee kutoka kwenye fyuzi, 87 uende kwenye pampu, 85 kwenye chasi, 86 upate umeme kupitia swichi ya presha ya oili, ile inayopitisha umeme injini ikiwa inazunguka tu. Hapo kwenye swichi alinikazia sana. Ya kwangu ilikuwa inafanya kazi ufunguo ukishawashwa tu, hata injini imezima. Gari likipinduka na paipu ikakatika, pampu inaendelea kumwaga dizeli barabarani na dereva yuko ndani. Eathi nayo ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Mwenye Canter, Fuso au Isuzu ya volti 24 aliyewahi kufungiwa kitu chochote na fundi wa mtaani, kesho washa injini upime kila betri peke yake. Zikipishana zaidi ya nusu volti, fuata waya wa katikati ujue unakwenda wapi. Mita ya bei ndogo inatosha.

Ninachodai ni betri mbili mpya, laki mbili na arobaini ya pampu na ufundi, na laki tatu ya gari la kukodi. Vitunguu vilivyoharibika sijavitia. Fundi kaniambia niende, atanirudishia elfu sitini ya ufundi tu "kwa ubinadamu". Nimekataa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake na betri zote mbili, ule waya ulioungua, pampu kwenye mfuko wake, na yule mzee amekubali kuja na mita yake. Kama kuna mtu humu amewahi kumfikisha fundi kwenye baraza la kata akalipwa, aniambie alikwenda na vielelezo gani.