Vituo vya pamoja vya polisi vya kufuatilia uhalifu: tunachanga wote, hesabu haonyeshi mtu!

Wakuu, leo msinibembeleze.

Hivi kuna aliyewahi kuona hesabu kamili ya hivi vituo? Polisi wa miji na wilaya kadhaa wanachangia chumba kimoja, ukuta mzima skrini, picha za kamera za barabarani na namba za magari zinamiminika humo. Maneno ya kutuuzia ni matamu: kila mmoja akinunua vyake ni hasara, tukichanga tunaokoa. Haya, tumechanga. Ukiuliza zimetumika ngapi, huyu anakutupia yule, yule anasema ni siri ya usalama.

Bei ya kiti nayo ni siri ya usalama?

Marekani walishapita huku. Baada ya Septemba 11, 2001 serikali kuu ilimwaga pesa kwenye vituo vya majimbo na miji vya kukusanya na kubadilishana taarifa. Kamati ndogo ya Seneti ilipofukua mwaka 2012, Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyokuwa ikitoa pesa hizo, yenyewe haikujua jumla yake. Makadirio ya 2003 hadi 2011 yalikuwa kati ya dola milioni 289 na bilioni 1.4. Someni tena hapo. Mweka hazina wa kikundi cha kuchangishana akileta hesabu ya namna hiyo, hafiki kesho na cheo chake.

Kituo cha San Diego, hukohuko Marekani, kilinunua runinga bapa 55, karibu dola 75,000. Za nini? Kufuatilia "vyanzo vya wazi". Ndiyo nini hiyo? Kutazama taarifa ya habari!

Kinachoniuma zaidi ni ruzuku. Inanunua vifaa, watu wanapiga picha za uzinduzi, halafu inakata. Leseni za programu, matengenezo, mishahara ya wanaokesha mbele ya skrini, vyote vinahamia kwenye kodi yetu kimyakimya. Na mwanachama kujitoa ni shughuli, maana taarifa zake zote ziko kwenye mitambo ya kituo.

Najua kuna atakayekuja kusema natetea wezi. Mkuu, mimi pikipiki yangu iliibiwa chini ya kamera, naiona pale juu ya nguzo. Nilipofuatilia picha nikaambiwa nilete barua. Nimerudi na barua, picha zimeshafutwa.

Kamera sizikatai, kwenye maegesho ya magari hasa zinasaidia. Ninachotaka ni mkataba, mchango wa kila mwanachama kwa mwaka, na kesi ngapi zilisimama mahakamani kwa picha za kituo. Mwenye nyaraka ya kituo hata kimoja aibandike hapa. Wa porojo apite tu.