Respirometa yangu (kifaa cha kupima upumuaji) inasukuma maji nje badala ya kuvuta, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Choroko_Tatu: Wakuu heshima kwenu. Nina mradi wa chuo, jinsi joto linavyoathiri upumuaji wa seli kwenye choroko zilizochipua. Chupa ndogo, kizibo cha mpira, pipeti ya mililita 1 imelazwa, tone la maji ya rangi mdomoni. Nyuzi 10, 20 na 30 zimekaa vizuri. Kwenye 40 maji yanakimbilia nje. Nikiiacha hiyo 40 nitakatwa maksi? Usingizi sina.

Kizibo: Maji yanatakiwa yaingie. Choroko zinatumia oksijeni, kaboni dayoksaidi inanaswa, hewa ya ndani inapungua. Maswali matatu. Unainasa kwa kitu gani? Chupa ya ulinganisho, isiyo na choroko, unayo? Ulisubiri dakika ngapi kabla ya kusoma?

Bibi_Hamira: Achana na choroko mwanangu. Hamira kijiko kimoja, sukari kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu nusu chupa, puto mdomoni. Lisipovimba, maji yalikuwa ya moto yakaua hamira.

Mzee_wa_Kanuni: Vijana wa siku hizi wanauliza maksi kabla ya kuuliza sababu.

Kizibo: Bibi, puto linaonyesha gesi inayotoka, na hamira ikikosa hewa inachacha tu. Huyu anapima oksijeni inayotumika. Mleta uzi, hujajibu.

Choroko_Tatu: Ulinganisho sina, chupa ya pili ilipasuka. Kusubiri... nilizamisha kwenye besheni nikaanza kuhesabu hapo hapo. Kunasa nimetumia chokaa.

Kizibo: Chokaa ipi?

Choroko_Tatu: Ya kupaka ukuta. Mfuko uko stoo wazi tangu mwaka jana. Ila chokaa si ni alkali jamani? Potasiamu haidroksaidi bei yake siiwezi, na grafu nimeshaichora kwa wino.

Pilau_Baridi: Choroko hazijapumua, zimepigwa rangi 😂

FundiMaabara: Chokaa iliyokaa wazi mwaka mzima imeshanyonya kaboni dayoksaidi ya stoo ikageuka kalsiamu kaboneti. Hainasi tena. Idondoshee siki, ikitoa povu jingi ujue imekufa. Sasa choroko ni mbegu ya wanga, oksijeni inayoingia na kaboni dayoksaidi inayotoka zinakaribiana. Bila kinasa tone halina sababu ya kusogea. Kinachokusumbua ni joto lenyewe. Nafasi ya hewa kwenye chupa ni kiasi gani?

Choroko_Tatu: Kama mililita 30. Chumba kina nyuzi 28.

FundiMaabara: Basi kutoka 28 hadi 40 hewa hiyo inatanuka kama mililita 1.2. Pipeti yako yote ni 1. Maji lazima yatoke.

Jicho_la_Tatu: Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mleta uzi, weka namba zako.

Choroko_Tatu: Choroko gramu 5, dakika 20. Nyuzi 10 ni mililita 0.10, nyuzi 20 ni 0.20, nyuzi 30 ni 0.40. Ile 40 nilitaka niandike 0.80 kufuata mwenendo.

Jicho_la_Tatu: Nilijua. Maradufu kamili kila nyuzi 10, hata mbegu zenyewe haziwezi nidhamu hiyo. Halafu kwa chokaa mfu na bila kusubiri, nyuzi 10 ingevuta kuliko 20. Hewa ya mililita 30 ikishuka kutoka 28 hadi 10 inapungua mililita 1.8. Tone lingemezwa likaangukia kwenye choroko. Wewe umeandika 0.10. Hujawahi kuzamisha chupa kwenye barafu.

Mzee_wa_Kanuni: Nilisema mimi.

Choroko_Tatu: Barafu iliyeyuka njiani. Ya 10 nilikadiria. Na ya 20 kidogo. Lakini vitabu si vinasema kasi inaongezeka kama mara mbili?

FundiMaabara: Vinasema takriban, tena kwa joto la kawaida, ukipita 45 hivi vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za seli) vinaanza kuharibika na kasi inashuka. Chana hiyo grafu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni inatosha. Gramu 15 kwenye maji, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Soda ndiyo inaingia kwenye maji, usigeuze, inachemka na kuruka machoni. Vaa glovu. Mililita 1 kwenye pamba chini ya chupa, juu yake pamba kavu ya kutosha, ndipo choroko. Kostiki ikizigusa inaziunguza, unapima mizoga. Chupa ya pili weka gololi zenye ujazo sawa na choroko, na pamba zile zile. Ujazo upime kwa maji yanayopanda kwenye silinda. Zamisha zote mbili, pipeti zikiwa wazi, dakika 10 ndipo uweke tone. Tone la gololi likisogea, toa msogeo huo kwenye wa choroko. Mafuta ya mgando kuzunguka kizibo, maana kikivuja huoni kitu. Anza na 20, 30 na 40, rudia mara tatu kila joto. Choroko zikishatoa majani ya kijani, funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu, la sivyo zitakurudishia oksijeni.

Bibi_Hamira: Na siki usisahau mwanangu.

Choroko_Tatu: Nimedondosha sasa hivi. Imefura povu mpaka ikamwagika mezani.

Kizibo: Duka la kostiki linafungwa saa ngapi huko kwenu?