Naomba ushauri: mjamzito na mtoto mdogo wale samaki gani?

Mleta uzi:
Habari za humu wakuu. Nina mimba ya miezi minne na mtoto wa miaka mitatu, na kwetu kitoweo kikubwa ni samaki. Wifi yangu kanikataza kabisa hadi nijifungue, anasema samaki wana zebaki inayoharibu ubongo wa mtoto tumboni. Mama mkwe naye anasisitiza nile kwa wingi. Nimebaki njia panda. Na je, nikimchemsha sana samaki, hiyo zebaki haitoki?

Bint Bahari:
Hongera dada. Wifi hajakudanganya, ila kazidisha. Zebaki hiyo ni hatari kweli. Pale Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kiwanda kilikuwa kikimwaga taka zenye zebaki baharini, na kuna akina mama waliokula samaki wa pale wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa ilhali wao wenyewe walikuwa na dalili chache tu.

Lakini samaki hawalingani. Samaki mdogo anapata zebaki kidogo, mkubwa anakula wadogo wengi, papa anamla huyo mkubwa, na kila hatua inazidi kurundikana. Vipimo vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, vinampa papa wastani wa karibu miligramu 1 kwa kilo, wakati sato na sardini hawafiki 0.02. Kwa hiyo achana na papa, nduaro na jodari wakubwa. Kula dagaa, sardini, sato, salmoni.

Kuchemsha hakusaidii, wala kukaanga, wala kutoa ngozi. Zebaki imeshikana na nyama yenyewe.

Mpenda Mboga:
Sasa si bora aache tu? Protini ipo hata kwenye maharage.

Bint Bahari:
Protini ipo, sikatai. Ila mafuta ya omega-3 aina ya DHA, yanayojenga ubongo na macho ya mtoto, huyapati kwenye maharage. Ushauri wa FDA kwa wajawazito ni gramu 230 hadi 340 kwa wiki, za samaki wenye zebaki kidogo. Yaani milo miwili au mitatu. Hapo mama mkwe naye ana hoja, ingawa "kwa wingi" ndiyo sikubaliani nayo.

Fundi Jiko:
Mnaongelea zebaki tu, mimi naogopa zaidi samaki aliyelala juani. Jodari na vibua wakikosa barafu wanatengeneza sumu iitwayo histamini, na ikishakuwemo hata umpike saa nzima haitoki. Mtu anakula, muda si mrefu uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio.

Dada, ukienda kununua usitazame macho peke yake. Inua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu na yenye unyevu, yakiwa ya kahawia na utelezi mzito, mwache. Bonyeza nyama karibu na mgongo, kidole kikiacha shimo, mwache pia. Akishanuka shombo kali, hakuna ndimu ya kumwokoa. Na kwa hali yako usile mbichi wala nusu mbichi, apikwe hadi nyama iwe nyeupe isiyong'aa na iachane yenyewe.

Mleta uzi:
Nashukuru sana, nimepata mwanga. Vipi jodari wa kopo? Na huyu wa miaka mitatu nimpe kiasi gani?

Bint Bahari:
Kopo soma maandishi yake. Jodari mdogo aina ya sehewa ni sawa. Albakora, jodari wa aina nyingine, ana zebaki karibu mara tatu yake, huyo punguza. Mtoto wa umri huo, kipande cha gramu 30 hivi, mara mbili kwa wiki.

Fundi Jiko:
Na miiba mtolee kwa vidole, si kwa uma. Chambua nyama taratibu ukiipapasa, maana ule mwembamba macho hayauoni.